Klachi Iliyochakaa Huzungumza na Dereva Peke Yake



Askari anaposimamisha gari kando ya barabara huweza kutambua mengi kwa macho na kwa mikono yake. Hutazama matairi yaliyolika, huomba taa ziwashwe, hujaribu breki, husoma karatasi ya bima na ile ya ukaguzi wa kiufundi. Lakini kipo kiungo kimoja kilichofichika kati ya injini na gia boksi, ambacho askari hawezi kukiona hata akiinama chini ya gari na tochi mkononi. Kiungo hicho ni klachi, au ambreyaje kama waitavyo madereva wengi wa Bujumbura. Gari likikaguliwa likiwa tupu, mahali tambarare, klachi iliyokaribia kwisha yaweza kuonekana nzima kabisa. Anayeweza kuitambua ni yule ambaye mguu wake uko juu ya pedali kila siku. Kwa sababu hiyo tumeona vema kumwandikia yeye, na kuwaandikia pia abiria wanaoketi nyuma yake, maana nao wana masikio na pua.

Tunawaelekea hasa ninyi wa Gatumba, Rugombo, Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda na Kobero. Magari yenu hubeba mizigo mizito, hungoja foleni mipakani, kisha hupanda milima. Wanaokuja mjini wakitokea Kobero kupitia Muyinga, Ngozi na Kayanza wanaijua Barabara ya Taifa nambari 1. Inaanzia Bujumbura, kwenye tambarare ya ziwa Tanganyika, katika mwinuko wa takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kutimiza kilomita 40 imekwisha kufika Bugarama, juu ya mita 2,000. Ni mpando wa zaidi ya mita 1,200, wenye kona nyingi na mahali pachache pa kusimama.

Nyuma ya malori yanayoukwea mpando huo, kila msafiri amewaona vijana wa baiskeli. Asubuhi waliteremsha ndizi na makaa mjini; sasa wanarudi kwao juu, wamejishikiza kwa mkono mmoja kwenye bodi la lori. Mazoea hayo ni ya hatari, nasi tunawasihi wayaache. Hata hivyo, dereva anayepanda kwenda Bugarama hawezi kujisemea kwamba nyuma yake hakuna mtu. Lori ambalo klachi yake inateleza hupoteza nguvu katikati ya mpando, husita, husimama, na breki ikiwa dhaifu hurudi nyuma. Kijana aliyejishikiza hana pa kukimbilia, kwa kuwa upande mmoja ni ukingo wa mlima na upande mwingine ni bonde au gari linalokuja.

Jinsi klachi ifanyavyo kazi

Weka viganja vyako viwili pamoja, uvikandamize kwa nguvu, kisha ujaribu kusogeza kimoja. Kingine hufuata. Legeza kidogo, na kiganja kimoja kitateleza juu ya mwenzake na kupata joto. Klachi ni hivyo hivyo. Upande mmoja lipo gurudumu zito linalozungushwa na injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Upande wa pili ipo diski iliyoungana na gia boksi. Sahani yenye springi kali huibana diski hiyo kwenye flaiwili, navyo vyote huzunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga pedali, unaondoa mbano ule. Injini inaendelea kuzunguka peke yake, nawe unapata nafasi ya kubadilisha gia.

Diski imevikwa pande zote mbili ngozi ya kusugua, iliyofungwa kwa ribiti. Kila gari linapoanza kuondoka, ngozi hiyo huteleza kwa muda mfupi kabla ya kushika, na katika kuteleza huko hupungua kidogo mno. Vitabu vya matengenezo vya magari mengi ya Toyota husema kwamba vichwa vya ribiti vikibakiwa na kina cha milimita 0.3 tu chini ya uso wa ngozi, diski ibadilishwe. Ni unene wa karatasi chache zilizopangwa pamoja. Zikipita hizo, chuma cha ribiti huanza kukwaruza flaiwili, na gharama iliyokuwa ya diski moja huwa ya mambo mengi.

Dalili kuu

Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la klachi iliyokwisha ni hili: injini inapiga kelele zaidi, lakini gari haliongezi mwendo. Unakanyaga mafuta, mizunguko ya injini inapanda, sauti inakuwa kali kana kwamba gari linakimbia, ilhali miti ya kando ya barabara inapita kwa mwendo ule ule wa awali. Nguvu inayotoka kwenye injini haifiki kwenye magurudumu. Inabaki pale kwenye diski na kugeuka kuwa moto.

Hali hiyo haijitokezi mahali pote kwa wakati mmoja. Mwanzoni gari hutulia kabisa katika gia ya kwanza na ya pili, hata mwenyewe akadhani mambo ni salama. Kuteleza huanza katika gia za juu, ya nne au ya tano, wakati dereva anapoongeza mafuta ghafla ili kupita gari jingine. Huja pia mlimani, au siku gari limejaa mzigo. Dereva wa Hiace anayekwenda Rumonge na kurudi, barabara ikiambaa ziwa, anaweza kusafiri wiki nyingi bila kuhisi kitu. Siku atakayokodiwa kupeleka msiba juu Mabanda, ndipo klachi itakaposema.

Harufu huja baada ya hapo, nayo ni kali, ya kitu kama karatasi au gamba lililoungua. Aliyewahi kuinusa mara moja haisahau. Abiria huinusa mapema kuliko dereva, ambaye amezoea harufu za gari lake. Abiria akisema ananusa kitu kinaungua, tafadhali asiambiwe kwamba ni moshi wa lori lililo mbele. Matumizi ya mafuta nayo huongezeka, jambo ambalo katika nyakati hizi za uhaba wa petroli hakuna asiyelijali, lakini peke yake halithibitishi kitu. Mafuta huongezeka kwa sababu nyingi.

Tuseme pia juu ya pedali, kwa kuwa hapa madereva hubishana sana. Katika magari ambayo klachi huvutwa kwa waya, kuna sehemu ya mwanzo ambapo pedali hushuka bure kabla ya kuanza kusukuma chochote. Kwa magari mengi madogo sehemu hiyo huwa kati ya milimita 5 na 15. Kadiri diski inavyolika, nafasi hiyo hupungua, na ikiisha kabisa waya huwa unaivuta klachi kidogo wakati wote, hata mguu ukiwa haupo. Hapo klachi huteleza kabla ya wakati wake, na mara nyingine fundi mwaminifu huponya tatizo kwa kulegeza nati moja tu. Lakini magari mengi ya siku hizi hutumia mafuta badala ya waya, na mfumo huo hujirekebisha wenyewe. Pedali yaweza kubaki pale pale hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo anayesema kwamba klachi ni nzima kwa kuwa pedali haijabadilika, amesema nusu ya habari.

Jaribio la kufanya nyumbani

Tafuteni mahali tambarare, pasipo mtu wala ukuta mbele au nyuma ya gari. Vuteni breki ya mkono hadi mwisho na kuweka jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma yake. Washeni injini, kanyageni klachi, ingizeni gia ya tatu, kisha ongezeni mafuta kidogo na kuiachia pedali taratibu. Klachi nzima itaikaba injini mara moja nayo itazimika. Injini ikiendelea kuunguruma huku pedali imeachiwa yote na gari limesimama, diski haishiki tena. Injini ikisita kwa sekunde moja au mbili kabla ya kuzimika, maisha yaliyobaki ni mafupi. Jaribio hili lifanyike mara moja, si mara tano, kwa sababu lenyewe huiunguza diski. Na asilifanye mtu ambaye breki yake ya mkono haishiki. Huyo aanze na breki.

Jaribio la barabarani ni jepesi zaidi. Kwenye njia iliyonyooka na isiyo na msongamano, endesheni taratibu katika gia ya tatu, kisha ingizeni ya nne na kukanyaga mafuta kwa nguvu. Injini inapaswa kulalamika kwa sauti nzito na kuongeza mwendo polepole. Ikipaza sauti nyepesi ghafla, kama iliyofunguliwa kamba, jibu limepatikana.

Yanayofanana na kuchakaa, lakini siyo

Si kila ugonjwa wa klachi ni diski iliyokwisha, na mwenye gari asiyejua tofauti hulipia asichodaiwa. Gia zikiingia kwa kukwaruza, hasa ya nyuma, au pedali ikizama hadi chini na kukawia kurudi, klachi haiachii vizuri. Aghalabu chanzo ni mafuta yaliyovuja, hewa iliyoingia kwenye bomba, au waya uliolegea. Tazameni kikopo cha mafuta hayo; kikipungua mara kwa mara, pana mahali panapovuja. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, huenda mafuta ya injini yameifikia diski, au flaiwili imeungua madoa. Sauti ya kusaga inayotokea mguu ukiwa juu ya pedali na kunyamaza ukiuondoa, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya klachi. Ikiwa ni kinyume chake, yaani sauti ipo mguu ukiwa mbali na hunyamaza ukikanyaga, mara nyingi ni beringi iliyo ndani ya gia boksi, na hilo ni jambo jingine.

Klachi isiyoachia isidharauliwe kwa kuwa eti inashika. Hatari yake huonekana wakati wa kuteremka. Dereva anayetoka Bugarama na mzigo hutaka kurudisha gia ya chini ili injini imsaidie kuzuia gari. Anaitoa gia ya nne, ya tatu inagoma kuingia, na sasa gari halimo katika gia yoyote, linazidi kasi, na breki peke yake ndiyo inayobeba uzito wote. Breki hupata joto na kulegea kabla ya kuufikia mji. Wale wanaotoa gia kwa makusudi wakati wa kuteremka, wakitumaini kuokoa petroli, hujiweka katika hali iyo hiyo kwa hiari yao. Hatuna namna ya upole ya kulisema hilo.

Inavyoliwa mipakani

Foleni ya mpakani huila diski kuliko safari ndefu. Gari husogea mita mbili, husimama, husogea tena, na dereva, badala ya kuweka gia huru na kukanyaga breki, hulishikilia gari kwa klachi iliyokanyagwa nusu. Kila dakika ya namna hiyo ni kama kuipiga diski msasa. Ndivyo ilivyo pia kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Mlimani nako kuna wanaojivunia kulisimamisha gari bila breki, kwa kucheza na klachi na mafuta hadi aliye mbele aondoke. Abiria huwasifu. Fundi huwasifu zaidi.

Wapo wengine ambao mguu wao wa kushoto hupumzika juu ya pedali safari nzima. Uzito wa mguu tu watosha kupunguza mbano na kuichosha beringi.

Kwa wakazi wa Gatumba liko jambo la ziada, nalo ni maji. Mliyaona mafuriko ya mto Rusizi mwaka 2020, na mwaka 2024 ziwa lilipopanda hadi kuifunika barabara. Gari likipita katika maji yenye kina, maji na tope huweza kuingia kwenye nyumba ya klachi, na klachi nzima ikateleza kwa muda mpaka ikauke. Lisiharakishwe, liendeshwe polepole katika gia ya chini. Gari likilazwa siku kadhaa baada ya kulowa, diski huweza kushika kutu na kugandamana na flaiwili, hata gia zisiingie kabisa injini ikiwa imewashwa. Fundi aitwe kabla dereva hajaanza kulitikisa gari kwa nguvu.

Anayenunua gari lililotumika, liwe limetoka ng'ambo kupitia Dar es Salaam au limenunuliwa kwa jirani, asikubali kulijaribu uwanjani pekee. Aombe kulipandisha mlima, akiwa na watu wanne ndani. Muuzaji akikataa mlima na kusifia rangi, mnunuzi ana haki ya kujiuliza kwa nini. Magari ya otomatiki hayana pedali hii, na maelezo haya hayayahusu.

Kwa fundi

Bujumbura haina uhaba wa mafundi, na Buyenzi inajulikana nchini kote kwa ustadi wao. Tunaloshauri ni mashauriano ya wazi kabla ya kazi. Kazi kubwa katika kubadilisha klachi ni kuishusha gia boksi. Ikishashuka, ni busara kubadilisha kwa pamoja diski, sahani ya mbano na beringi, kuliko kubadilisha diski peke yake na kurudi tena baada ya miezi michache kwa ajili ya beringi. Mwenye gari aombe kuonyeshwa uso wa flaiwili kama una mikwaruzo au madoa ya buluu ya moto, na kama kuna mafuta yanayovuja nyuma ya injini. Diski mpya ikivikwa kwenye gari linalovuja, itaharibika kama ile ya kwanza. Akabidhiwe pia diski ya zamani; ndiyo ushahidi wa kazi iliyofanyika, na kwa kuitazama ribiti zake atajua kama kweli ilikwisha.

Vumbi linalobaki humo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Diski za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Kitambaa chenye maji kinatosha. Watoto wanaojifunza kazi gereji wasiachiwe kazi hiyo.

Diski mpya hutaka upole katika kilomita mia chache za mwanzo. Kuondoka kuwe kwa taratibu, na mzigo usizidi kipimo.

Ikishindwa mlimani

Klachi ikianza kuteleza katikati ya mpando, kuongeza mafuta ni kuimaliza. Punguzeni mafuta, ingizeni gia ya chini zaidi, kwa kuwa katika gia ya chini klachi hubeba mzigo mdogo, na kutafuta mahali pa kusimama kando ya barabara angali mwendo upo. Msingoje gari lisimame lenyewe kwenye kona. Kwa lori, mtu mmoja ashuke awaondoe wanaojishikiza nyuma kabla ya dereva kujaribu lolote.

Gari likisimama, breki ya mkono ivutwe na mawe yawekwe nyuma ya magurudumu. Madereva wengi ambao breki yao ya mkono imekufa wamezoea kuliacha gari ndani ya gia, wakiamini kwamba injini italizuia. Klachi ndiyo inayoiunganisha injini hiyo na magurudumu; ikiwa imechakaa, gia haiwezi kuaminika, na gari laweza kuondoka taratibu wakati mwenyewe amekwenda kutafuta msaada. Abiria washuke upande ulio mbali na barabara na wasisimame nyuma ya gari. Pembetatu ya tahadhari iwekwe mbali vya kutosha, na kwenye kona iwekwe kabla ya kona, si baada yake.

Msaada ukifika na gari likavutwa, mawe yale yaondolewe barabarani, pamoja na matawi yaliyowekwa kuonya wengine. Pikipiki inayokuja usiku haiwezi kuyaona.